Siku Tisa za Maziwa

Inasimuliwa, na ajuaye zaidi ni Mwenyezi Mungu, kwamba katika mji mmoja wa bara ya Yemen aliishi mjane aliyeitwa Muzna binti Sabihi, Mola amrehemu. Waliotupokeza kisa hiki wamehifadhi mpaka rangi ya ngamia wa tajiri wa mji huo, lakini jina la mji wenyewe wamelisahau. Tuwasamehe. Jina la Muzna halikuwapotea, na hilo ndilo tunalolihitaji.

Kazi yake ilikuwa kuchekecha unga katika nyumba ya Harithi, mfanyabiashara wa nguo. Nyumba ile ililisha watu arobaini kila siku, na unga uliosagwa kwa mawe haukosi kokoto. Muzna alikaa kwenye kona ya jiko tangu baada ya sala ya alfajiri, chekeche mkononi, na kila alipolitikisa alitaja jina la Mola wake kwa sauti ya chini. Hakudhani kwamba hiyo ni ibada. Ibada kwa mawazo yake ilikuwa ya wenye nafasi, wale wanaokaa msikitini, wanaojua kusoma, wanaofunga Jumatatu na Alhamisi bila ya kushikwa na kizunguzungu mbele ya tanuri. Mtu akimshukuru kwa jambo lolote alijibu, "Si kitu," akainamisha kichwa kama aliyeshtakiwa.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Tufaha. Mumewe alifariki Tufaha akiwa hajaanza kutambaa, na hakuacha ndugu. Muzna mwenyewe hakuwa na kaka wala mjomba aliye hai. Na jambo moja lilikuwa likimsumbua, ambalo wengine huenda wakaliona dogo. Katika mji ule, mwanamke alipokufa aliteremshwa kaburini na maharimu wake, yaani mwanawe au kaka yake au mwingine wa damu yake. Asiye na maharimu aliteremshwa na wazee wema wa mtaa, na hapana ubaya kisheria. Lakini Muzna alikuwa mtu wa haya nyingi. Kila jeneza la mwanamke lilipopita mlangoni pake alijiuliza ni mikono ya nani itakayompokea yeye. Tufaha alipokuwa mdogo alimwambia, "Mimi nitakupokea, mama." Muzna akacheka, akamweleza kwamba wanawake hawashuki kaburini. Kisha akageukia ukutani, akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Tufaha alipelekwa chuoni, akahitimu msahafu. Tangu siku hiyo alikuwa akija jikoni kwa Harithi, akaketi kizingitini, akimsomea mama yake Kurani huku mama akichekecha. Muzna alisema hakuna chakula kilichowahi kumshibisha kama sauti ile. Alikuwapo mwingine aliyeisikia. Huyo ni Ghalibu, mwana wa pekee wa Harithi, ambaye alipita uani kila asubuhi na kila asubuhi akapunguza mwendo. Alisikiliza mwaka mzima kabla ya kuuliza ni nani asomaye. Alipoambiwa, alikwenda moja kwa moja kwa baba yake kuomba aposewe.

Harithi alikataa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyezoea kutiiwa, ila mwanawe alikuwa amerithi ukaidi ule ule. Walivutana miezi kadhaa, mwishowe mzee akakubali. Posa ikapelekwa, siku ya nikaha ikawekwa.

Mji ukashangaa. Wanawake ambao kwa miaka walimwita Muzna "wewe wa unga" sasa walimwita mama wa bibi harusi, wakasogea kumpa nafasi penye mkeka. Harithi alitoa amri kwamba mama mkwe wa mwanawe asionekane tena jikoni. Na Muzna, ambaye alizoea kutembea akishika ukuta, alianza kupita katikati ya njia. Nasi tusimlaumu. Mtu aliyeinama miaka thelathini akinyooka siku moja, nani atamwambia arudi chini? Alijisemea moyoni, "Kumbe nami ni mtu."

Zilipobaki siku saba, Alhamisi baada ya alasiri, alikwenda msikitini kusikiliza darasa la Sheikh Wasifu nyuma ya pazia la wanawake. Miaka yote hiyo saa ya darasa ilikuwa saa ya unga wa jioni, asiweze kuhudhuria. Sasa alikuwa na wasaa, na wasaa huo aliupata kwa sababu ya harusi ya mwanawe. Ninaomba mlikumbuke hilo.

Sheikh siku hiyo alikuwa amefika kwenye mlango wa kunyonya. Alisema, "Kinachoharimishwa na nasaba huharimishwa na maziwa. Mtoto aliye chini ya miaka miwili akinyonya kwa mwanamke mara tano za kushiba, basi huyo ni mama yake, na watoto wa huyo mama ni ndugu zake, hawaoani milele. Iwe mama huyo alilipwa au hakulipwa. Iwe baba wa mtoto alijua au hakujua. Iwe ni binti wa mfalme au mtumishi wa jikoni."

Wanawake wakaendelea kusikiliza. Muzna hakusikia lililofuata.

Miaka ishirini nyuma, homa kali ilipita katika mji ule. Harithi alikuwa safarini na msafara wake. Mkewe, aliyekuwa akimnyonyesha Ghalibu, alianguka asijitambue, maziwa yakamkauka. Bibi Atika, mama yake Harithi, akamwita Muzna, ambaye wakati huo alikuwa na Tufaha wa miezi mitatu mgongoni. Akamwingiza katika ghala ya unga, akafunga mlango, akampa mtoto. Siku tisa Muzna alinyonyesha watoto wawili ndani ya ghala ile. Siku ya kumi mama wa mtoto akapata nafuu, Bibi Atika akamchukua mjukuu wake. Akasema, "Jambo hili lisitoke humu. Mjukuu wangu hatakuwa ndugu wa mtoto wa jikoni. Na wala si kitu, Muzna. Umesaidia tu, kama unavyosaidia kwenye unga."

Bibi Atika alikufa, na mama yake Ghalibu naye akamfuata miaka michache baadaye bila ya kujua lolote. Akabaki Muzna peke yake.

Mtaniuliza, je, hakujua kwamba maziwa huleta undugu? Alijua, kama kila mtu ajuavyo. Lakini alidhani hiyo ni habari ya wanyonyeshaji wenyewe, wanaoajiriwa kwa mapatano, wenye mashahidi, wenye jina. Maziwa yake yeye aliyahesabu pamoja na maji aliyokuwa akiichotea nyumba ile. Aliambiwa si kitu, akaamini, kwa kuwa hata yeye mwenyewe alijiona hivyo. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Alijidharau mpaka akadhani sheria ya Mwenyezi Mungu nayo inamdharau.

Siku tatu hakusema. Tufaha alikuwa akishona nguo yake ya harusi, akiimba chinichini, na Muzna kila alipofungua kinywa alikifumba. Alisali, lakini sala haikumpa utulivu aliouzoea. Alijiambia kwamba hakuna anayejua. Alijiambia kwamba huenda hakumbuki vizuri, nawe fikiria, mwanamke asahau siku tisa kama zile!

Siku ya nne majirani walileta unga wa mikate ya harusi. Muzna akasema atauchekecha mwenyewe, maana mikono ilikuwa inamuuma kwa kukosa kazi. Akakaa uani kwake, akaanza, na ulimi ukarudia dhikri yake ya kila siku. Kabla hajafika nusu, kokoto moja likaruka katika chekeche. Lilikuwa dogo mno. Watu mia wangekula mikate ile, na aliyeling'ata asingejua limetoka kwa nani. Lakini vidole vyake havikungoja shauri lake, vililiokota na kuliweka kando, kama vilivyofanya miaka yote.

Alilitazama kokoto lile muda mrefu. Akasema, "Ee Mola wangu, sikuweza kuwalisha watu hili. Nitawezaje kumlisha mwanangu lile?" Akainuka na mikono yake ya unga, akaingia ndani, akamwambia Tufaha kila kitu.

Tufaha hakulia. Aliiweka sindano chini polepole, akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Hapa duniani nimebaki mimi."

"Basi nyamaza, mama. Nakuomba kwa haki ya Mungu, nyamaza."

"Ningenyamaza kama ningekuwa peke yangu, mwanangu. Lakini yupo aliyeyaleta yale maziwa."

Hapo binti akasema neno ambalo baadaye alilijutia miaka mingi. "Maisha yako yote unajiita si kitu. Leo, kwenye harusi yangu, ndiyo umeona uwe mtu?"

Muzna alinawa unga mikononi, akavaa buibui lake, akaenda kwa Sheikh Wasifu, analia njia nzima mbele za watu.

Sheikh aliwaita Harithi na mwanawe katika chumba cha pembeni cha msikiti. Muzna alikaa nyuma ya pazia. Akasimulia yote, na sauti ikimkatika hapa na pale.

Harithi akapiga kelele, "Mchekecha unga anataka kuwa mama wa mwanangu!"

Sheikh akasema kwa upole, "Ikiwa asemayo ni kweli, amekwisha kuwa. Hilo halikungoja ruhusa yako, wala yangu." Kisha akaligeukia pazia. "Alinyonya mara ngapi, bibi?"

"Siku tisa, sheikh. Mchana mara nne, mara tano. Za usiku sikuzihesabu."

"Na alikuwa akishiba?"

"Alikuwa akiacha mwenyewe, sheikh. Kisha analala amenishika kidole."

Sheikh akamwambia Ghalibu, "Neno la mwanamke mmoja katika jambo hili, wapo wanazuoni wanaolipokea, na wapo wanaotaka mashahidi zaidi. Ukitaka kushikilia, utapata wa kukutetea. Ila nakuuliza, utaishi nayo kwa moyo gani?"

Ghalibu alikuwa amekaa ameinamia mikono yake. Alimpenda Tufaha, wala kisa hiki hakifichi hilo. Mwishowe akasema, "Mtu akisema uwongo hutaka apate kitu. Huyu amesema, na kila alichokuwa nacho kimemtoka." Akasimama, akalielekea pazia, akataka kusema neno jingine. Halikutoka. Akaondoka, na baba yake akamfuata.

Muzna akasema, "Nimemvunja mwanangu, sheikh."

"Umewalinda watoto wako wawili," akasema Sheikh Wasifu. "Sikiliza, bibi. Saa ile ulipomshibisha yule mtoto mara ya tano, Mwenyezi Mungu alikuandika mama yake. Miaka ishirini umo katika hukumu Yake kwa jina hilo, na miaka ishirini wewe unajiita si kitu. Nenda nyumbani. Na usimpinge tena Mola wako katika jambo ambalo amekwisha kulihukumu."

Basi nikaha ikavunjika. Wanawake waliosogea penye mkeka wakarudi mahali pao. Wengine walisema Muzna ameingiwa na wazimu, wengine kwamba ana kijicho na bahati ya mtoto wake mwenyewe, na ndimi za namna hiyo hazipumziki mpaka zipate habari nyingine. Nyumba ya Harithi ikatafuta mchekechaji mwingine. Ghalibu akaondoka na msafara, na habari zake zikakatika.

Lakini hayo yote Muzna aliyaweza. Lililomshinda lilikuwa Tufaha. Binti aliikunja nguo ya harusi akaitia sandukuni, na hakumvunjia mama yake heshima hata siku moja. Alipika, alifua, aliitikia alipoitwa. Ila aliacha kumsomea. Alipofungua msahafu alisoma kwa midomo tu, bila ya sauti, na mama alikaa upande wa pili wa chumba akiitazama ile midomo. Muzna alilia kwa hilo kuliko alivyolia kwa kifo cha mumewe.

Akawa sasa anachekecha unga wa majirani, chekeche likaenda na ulimi ukaenda, na maneno ya sheikh yakawa yanamrudia. Alijiuliza, ikiwa zile siku tisa za ghalani zilikuwa zimeandikwa na yeye hajui, ni vingapi vingine? Je, asubuhi zile za unga? Je, maji ya kisimani? Mawazo hayo yalimjia kidogo kidogo, wala hayakumwondolea huzuni. Yalikaa pamoja nayo. Asubuhi moja jirani alikuja kuchukua unga wake akamwambia, "Mwenyezi Mungu akulipe mema, Bi Muzna." Muzna akafungua kinywa kujibu kama alivyozoea. Akasita. Kisha akasema, "Amin." Jirani hakutambua lolote, akaenda zake, na Muzna alikaa pale uani moyo unamdunda kama aliyefanya jambo kubwa.

Ghalibu alirudi baada ya miaka miwili. Alasiri moja alisimama mlangoni, akapiga hodi, akatoa salamu. Muzna alipoiona sura yake alivuta mtandio kujifunika, kama alivyofanya siku zote mbele ya wanaume wa nyumba ile.

"Kwangu hujifuniki, mama," akasema Ghalibu. "Nilichelewa kuja. Nilikuwa nikijifunza kulisema hilo neno."

Muzna akauachia mtandio. Alimtazama yule kijana mzima mwenye ndevu, akakumbuka uzito wake wa mtoto wa mwaka mmoja katika giza la ghala, akalia kwa sauti. Tufaha alikuwa chumba cha ndani na hakutoka siku hiyo. Safari ya pili pia hakutoka. Ya tatu alileta maji, akaketi karibu na mlango, wakaulizana hali kama ndugu. Mambo kama hayo yanauma, wala hayaponi kwa siku moja, na aliyetupokeza hakusema kwamba yaliwahi kupona yote.

Baadaye Tufaha aliolewa na mtengeneza matandiko ya ngamia, mtu mpole, akapata mtoto wa kiume. Siku ya arubaini Muzna alikwenda kuwatazama. Alimkuta binti yake ananyonyesha. Tufaha alikuwa akimwangalia mtoto, na bila ya kuinua uso akauliza, "Zile siku tisa, mama. Ulikuwa ukimpa nani kwanza?"

"Wewe. Ukishiba wewe, ndipo namchukua yeye."

"Na yakatosha?"

"Mola aliyaleta ya wawili."

Mtoto alipoacha ziwa Tufaha alimweka mapajani pa bibi yake, akanawa, akachukua msahafu kutoka kwenye marufaa. Akasoma kwa sauti. Ilikuwa imekuwa nzito kidogo sauti ile, lakini ilikuwa ndiyo yenyewe, na Muzna alifumba macho akasikiliza mpaka adhana ya magharibi.

Alifariki miaka kadhaa baada ya hapo, asubuhi, chekeche likiwa kando yake. Jeneza lake lilifuatwa na watu wengi. Walipofika makaburini mchimbaji, ambaye alikuwa mgeni katika mji ule, akauliza kama ilivyo desturi ya wachimbaji, "Maharimu wa marehemu ni nani?" Watu wakatazamana, kwa kuwa wote walijua kwamba Muzna hakuzaa mtoto wa kiume.

Ghalibu akavua joho lake, akashuka kaburini, akainua mikono kumpokea.

"Wewe ni nani wake?" akauliza mchimbaji.

"Mwanawe."

Desturi yao mwanamke alipoteremshwa ilikuwa kutandaza kitambaa juu ya kaburi ili macho ya watu yasimwone. Siku hiyo kitambaa kilitoka dukani kwa Harithi. Pembe moja aliishika Harithi mwenyewe, mzee sasa, na hakuiachia mpaka mwanawe alipomlaza mama yake kwenye mwanandani na kufungua mafundo ya sanda.

Ndugu zangu, na hasa nyinyi mama zetu mnaotusikia mkiwa na unga mikononi, hiyo ndiyo habari ya Muzna. Mja hupima kazi yake kwa macho ya waliomtuma, na waliomtuma mara nyingi hawakumtazama. Yeye alisema kweli akidhani anatupa kila kitu, na kumbe kweli ile ile ndiyo iliyomzalia mwana wa kumlaza. Mwenyezi Mungu amjaalie kaburi lake liwe na wasaa, awasamehe waliomwambia kwamba si kitu, na atusamehe na sisi, kwa maana wengi wetu tumewahi kumwambia mtu neno hilo, au tumejiambia wenyewe.